Mdomoni Salamu, Simuni Matusi

Fizi na Baraka ni nchi ya watu wanaosalimiana hadi habari za mifugo. Mbona wakishika simu wanatukanana hivi?

*Na Mwandishi Wetu*

Tarehe 28 Septemba 2020 wageni wakubwa walifika Minembwe, juu kwenye nyanda za milima ya Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Alikuwapo Azarias Ruberwa, waziri wa ugatuzi wakati huo na mzaliwa wa milima hiyo hiyo. Alikuwapo balozi wa Marekani, Mike Hammer. Shughuli ya siku ile ilikuwa kumsimika Gad Mukiza kuwa bugumestri wa komini ya vijijini ya Minembwe.

Kwa wengi wa jamii ya Babembe, komini ile ilikuwa ardhi ya mababu inayomegwa machoni pao. Kwa wengi wa jamii ya Banyamulenge, wafugaji wa milimani, ilikuwa siku ya kutambuliwa kwamba nao ni wenyeji wenye haki ya kujitawala. Ubishi huo haukuanza siku ile. Ulikuwapo mwaka 1999, waasi wa RCD walipoitangaza Minembwe kuwa teritware. Ulikuwapo mwaka 2013, waziri mkuu alipotia saini amri ya kuifanya komini. Tofauti ya 2020 ni kwamba karibu kila ukoo ulikuwa na simu yenye WhatsApp.

Kwa siku kumi simu za Fizi hazikupoa. Picha ya sherehe ilitumwa, ikatumwa tena, ikabandikwa maneno. Sauti zilirekodiwa Baraka, zikajibiwa Kinshasa, zikajibiwa tena na ndugu walioko ng'ambo. Maneno yenyewe siyaandiki hapa. Aliyekulia huku anayajua: yanayomgeuza mtu mdudu au nyoka, yanayomwambia jirani arudi kwao, yanayomdharau mwenzake kwa pua, kimo na chakula. Tarehe 8 Oktoba Rais Félix Tshisekedi, akiwa Goma, alitangaza kuibatilisha komini ile. Matusi yakaendelea, kwa sababu kufikia hapo hayakuhitaji komini tena.

Linaloniuma zaidi ni hili. Katikati ya Septemba hiyo hiyo, yaani wiki mbili kabla ya sherehe ya Minembwe, wajumbe wa jamii za Fizi, Uvira na Mwenga walikuwa wameketi pamoja Murhesa, karibu na Bukavu. Walikuwapo hata watu wa makundi yenye silaha. Walikubaliana kusimamisha mapigano. Watu waliokuwa na damu kati yao waliweza kuongea kwa staha katika chumba kimoja. Watu ambao hawajawahi kuonana hawakuweza kuandikiana sentensi mbili bila kutukanana.

### Nyumbani huvuki kimya

Anayeifahamu Baraka anajua kwamba salamu hapa ni kazi ya kufanywa. Ukiteremka kuelekea ziwani, ambako mitumbwi inaleta ndagala na mikebuka, huwezi kumpita mtu mzima kimya. Utamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za safari, za ugonjwa wa juzi. Mama mwenye bidoni la mawese anaitwa mama hata na asiyemjua. Mzee anaitwa papa. Ukikosea hesabu ya chenji, mtabishana, pengine kwa sauti kubwa, lakini kuna neno ambalo halitatoka, kwa sababu kesho utarudi kununua kwake.

Vijijini Babembe wana lubunga, kibanda cha wanaume ambamo moto unawaka na mashauri ya kijiji yanaamuliwa. Ndani ya lubunga mtu anaweza kusema kwa ukali. Anaweza hata kumlaumu chifu. Lakini anazungumza kwa zamu, wazee wanamsikia, na tusi lina bei yake: kuku, mbuzi au pombe, kulingana na aliyetukanwa ni nani na kwa kiasi gani. Aliyetukana hulipa, kisha kinywaji kinanywewa pamoja.

Wala si kwamba uso kwa uso watu wetu ni malaika. Utani upo, na utani una maneno mazito kuliko mengi yanayochukiza kwenye simu. Mjukuu anamwambia babu yake maneno ambayo angemwambia jirani, vita vingezuka. Ila utani una wenyewe. Kila mmoja anajua nani anaruhusiwa kumtania nani, wapi, na anyamaze lini.

Sasa mtu huyo huyo, mwenye adabu hizo zote, anafungua simu usiku na kuandika jambo ambalo mama yake akilisoma atalia. Amebadilika nini?

### Jicho la mwenzako

Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani John Suler alichapisha makala iliyonukuliwa sana kuhusu jambo hili. Alitaja sababu kadhaa zinazolegeza ulimi wa mtu mtandaoni. Hajulikani. Haonekani. Hajibiwi papo hapo. Yule wa upande wa pili anakuwa kama mtu wa kufikirika, aliyetungwa kichwani mwa msomaji. Na vyeo vinapotea: mzee na kijana wanaonekana kwa herufi za ukubwa mmoja.

Miaka minane baadaye, mwaka 2012, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Haifa, Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak, walijaribu kuzitenganisha sababu hizo. Waliwaweka vijana 142 wawili wawili, wabishane kwa kuandikiana juu ya nani kati ya rafiki zao apewe dawa moja ya kuokoa maisha. Wengine walifichwa majina, wengine hawakufichwa. Wengine walionekana kwenye kamera, wengine hawakuonekana. Na wengine walitazamana macho kwa macho wakati wa kuandikiana. Ilibainika kwamba kinacholeta ukali kuliko kuficha jina ni kukosa macho. Ukitazamana na mtu, hata jina lake usipolijua, ulimi unapungua makali.

Matokeo hayo yanaeleza jambo moja la Fizi ambalo lilikuwa likinitatiza. Makundi yetu ya WhatsApp si ya watu wasiojulikana. Namba inaonekana, jina linajulikana, mara nyingi hata ukoo na kijiji. Kijana anatukana kwa jina lake kamili, kwa sauti yake mwenyewe, na baba yake mdogo yumo kundini. Wanaosema dawa ni kila mtu ajitambulishe hawajaingia kwenye makundi ya huku.

> Makundi yetu si ya watu wasiojulikana. Kijana anatukana kwa jina lake kamili, na baba yake mdogo yumo kundini.

### Sauti isiyotumwa kwako

Kuna jambo jingine linalohitaji kufikiriwa kwa makini, nalo ni sauti. Mwaka 2017 Juliana Schroeder, Michael Kardas na Nicholas Epley walichapisha utafiti wao kuhusu watu wanaopingana kisiasa. Waliomsikia mpinzani akieleza maoni yake kwa sauti walimwona mtu mwenye akili na utu zaidi kuliko waliosoma maneno yale yale yakiwa yameandikwa. Sauti ina pumzi, kusita, uchovu. Inamrudishia mtu ubinadamu wake.

Kama ni hivyo, Fizi ingekuwa na amani. Huku watu hawaandikiani sana, wanarekodi. Ujumbe wa sauti ndio gazeti la milimani na la ziwani. Asiyejua kusoma anasikia. Asiye na simu anasikia kwa mwenye simu. Nenda kwenye nyumba yoyote ya kuchajia simu mjini Baraka, zile zenye sola juu ya paa na nyaya nyingi mezani, utakuta sauti moja inasikilizwa na watu saba. Na sauti zinazosambaa kwa kasi ni zile za hasira.

Jibu, kwa maoni yangu, liko katika swali la nani anaongea na nani. Katika utafiti ule, msikilizaji alimsikia mpinzani akijieleza. Katika sauti za Fizi, Mbembe anarekodi kwa ajili ya Babembe, Munyamulenge anarekodi kwa ajili ya Banyamulenge. Hamwombi mpinzani aelewe. Anawaonyesha wake kwamba yeye ni shujaa. Kisha sauti inavuja, inavuka mlima, na jirani anasikia alivyosemwa akiwa hayupo. Anachosikia ni kicheko cha wale waliokuwa wakimsikiliza msemaji.

Saa nazo zinachangia. Wana wa Fizi wako mbali. Wengi walivuka ziwa wakati wa vita vya 1996 na kufikia Nyarugusu mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka huo kwa ajili ya Wakongo, na baadhi yao wakapelekwa Marekani, Kanada na Australia. Banyamulenge nao wametawanyika hivyo hivyo. Jioni ya Marekani ni usiku wa manane wa Baraka. Asubuhi mtu ananunua mega, simu inaamka, na sauti arobaini zinaingia kwa pamoja, zimechanganyika, jibu likitangulia swali. Aliyekosea usiku ameshaomba radhi na amesamehewa, lakini wewe ndiyo kwanza unalisikia kosa. Unajibu moto uliokwisha kuzimwa, na unauwasha upya.

Na yule wa ng'ambo? Akimaliza kurekodi anakwenda kazini. Gari lake halipiti Mutambala. Shamba lake halilimwi Lulenge. Simlaumu kwa uchungu wake. Aliondoka akiwa na makaburi nyuma yake, na pengine ndiye anayelipa karo za wadogo zake huku. Lakini anayetukana akiwa mbali hutukana kwa mkopo, na mlipaji yuko hapa.

### Wasiokubali kwamba simu ndiyo mkosaji

Si wataalamu wote wanaoilaumu simu. Alexander Bor na Michael Bang Petersen wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha mwaka 2022 mfululizo wa tafiti zilizohusisha zaidi ya watu 8,000 nchini mwao na Marekani. Walitaka kujua kama mtu mpole ana kwa ana hugeuka mkali akiingia mtandaoni. Hawakuona hivyo. Waliona kwamba wakali mtandaoni ni wakali pia nje ya mtandao, na wengi wao wanasukumwa na njaa ya hadhi. Tofauti ni kwamba nje ya mtandao ukali wao unasikiwa na watu wachache, na watu wanaweza kuwakwepa. Mtandaoni unasikiwa na wote.

Kwa Kivu Kusini hoja hiyo ina uzito. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ulimwekea vikwazo Justin Bitakwira, waziri wa zamani na mwanasiasa wa Uvira, kwa sababu ya kauli za kuchochea chuki dhidi ya Banyamulenge na Watutsi kwa jumla. Kauli za aina hiyo hazikusemwa gizani na mtu aliyejificha nyuma ya kioo. Zilisemwa mbele ya kamera na watu waziwazi. Simu ilizibeba tu.

Na kuna tukio ambalo mtu yeyote anayedai kwamba macho yanatosha kuzuia ubaya lazima alitazame. Tarehe 9 Desemba 2021, afisa wa jeshi la taifa, FARDC, mwenye cheo cha meja, Munyamulenge, alikuwa safarini kwenye barabara ya Uvira. Pale Lweba, katika teritware yetu ya Fizi, umati ulimtoa garini, ukamuua na kumchoma moto. Waliomuua walimwona usoni. Alikuwa askari wa nchi yao. Wengine walishika simu, wakarekodi, na video ikazunguka dunia.

> Waliomuua walimwona usoni. Alikuwa askari wa nchi yao.

Sitaki tukio hilo lipite haraka kama mfano wa hoja. Mtu aliuawa, ana familia. Lakini linatulazimisha kukubali kwamba uso peke yake hauna nguvu. Umati una macho mengi, na siku ile macho yote yalikuwa ya upande mmoja. Kilichokosekana ni mtu mmoja pale barabarani ambaye angepoteza kitu kwa kifo cha yule meja: mfanyabiashara mwenza, shemeji, mdaiwa, rafiki wa shule. Au kama alikuwapo, aliogopa kufungua mdomo.

### Tarehe zinazorudi

Fizi ina kalenda ya uchungu. Septemba 1996 raia Banyamulenge waliuawa katika maeneo haya ya pwani ya ziwa, pamoja na Lweba hiyo hiyo na Baraka. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, Makobola ikafuata: ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inataja zaidi ya raia 800 waliouawa na waasi wa RCD na majeshi ya kigeni yaliyowaunga mkono. Tarehe 13 Agosti 2004, kambini Gatumba, ng'ambo ya mpaka nchini Burundi, zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Banyamulenge, walichinjwa na kuchomwa usiku.

Kila tarehe hizo zikikaribia, simu zinachemka. Upande mmoja unabandika picha za wafu wake. Upande wa pili, badala ya pole, unajibu kwa kuuliza mbona hamkuwalilia wetu. Hapo ndipo ninapoona ubaya wa matusi ya mtandaoni ulipofikia kilele. Huku kwetu, matangani, hata adui wa marehemu anaketi. Anaweza asiseme neno, lakini anaketi, na akipewa kahawa anainywa. Sijawahi kuona mtu akiingia msibani mwa jirani mjini Baraka na kusema waliokufa walistahili. Kwenye simu jambo hilo linasemwa kila mwaka, tena na watu wanaojiita waumini.

Wapo wanaodai kwamba habari yote hii ya matusi ni pazia. Nimesikia hoja hiyo kwa watu wa pande zote mbili, na si hoja ya kupuuza. Mbembe aliyehama kijiji chake anasema: nikilalamika kuhusu ardhi mnaniambia nina kauli ya chuki, basi nilalamikie wapi? Munyamulenge aliyepoteza ng'ombe wote anasema: mnatutaka tuongee kwa adabu na watu wanaotukana uraia wetu. Wote wana haki ya kusikilizwa. Mpaka wa komini ni suala la utawala, na raia yeyote anaruhusiwa kulipinga. Lakini uraia si suala la kupigiwa kura kundini. Sheria ya Novemba 2004 inawatambua kuwa Wakongo watu wa makabila yote ambayo watu wake na maeneo yao vilikuwa sehemu ya nchi hii ilipopata uhuru. Unaweza kuikataa komini ya Minembwe kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila kumwambia mtu arudi asikotoka.

### Mkasi wa serikali

Kinshasa ina dawa mbili, na zote nimeziona zikijaribiwa.

Ya kwanza ni kukata. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban wiki tatu. Chuki haikupungua, ila wafanyabiashara wa Baraka na watu waliokuwa wakisubiri pesa za ndugu waliteseka.

Ya pili ni sheria. Nchi hii ina amri ya tarehe 7 Juni 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Tarehe 13 Machi 2023 ikaongezwa sheria ya mambo ya dijitali, ambayo kifungu chake cha 356 kinamtisha anayesambaza maudhui ya kikabila kwa kifungo cha mwezi mmoja hadi miaka miwili na faini ya faranga milioni moja hadi milioni kumi. Kwenye karatasi hilo ni jambo jema. Lakini mtu wa kwanza kujulikana sana kwa kushtakiwa chini ya sheria hiyo alikuwa mwandishi wa habari, Stanis Bujakera, aliyekamatwa Septemba 2023 na kukaa gerezani miezi sita hadi Machi 2024. Hakuwa amemtukana mtu wa kabila lolote. Raia wa Fizi wakiona hivyo wanajifunza kwamba sheria inamtafuta anayeiudhi serikali, si anayemtukana jirani.

Majirani zetu Wakenya walipita njia hii kabla yetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe mfupi wa simu wa kikabila ulisambaa huku watu wakiuawa Bonde la Ufa. Mwaka 2008 waliunda tume ya mshikamano na utangamano wa kitaifa, NCIC, na kauli za chuki zikawa kosa la jinai. Mmoja wa waliokuwa makamishna wake, Alice Nderitu, ndiye aliyekuja Kongo Novemba 2022 akiwa mshauri maalumu wa Umoja wa Mataifa wa kuzuia mauaji ya kimbari, na akaondoka akiwa na wasiwasi mkubwa. Kazi ya tume ile haijawafikisha wengi gerezani. Faida yake niliyoiona mimi ni ndogo lakini ya kweli: mwanasiasa wa Kenya leo anajua kuna mtu anarekodi, na kwamba huenda akaitwa kujieleza mbele ya watu wa makabila mengine, uso kwa uso.

### Soko likifa

Sasa nirudi kwenye swali la mtu mwenye adabu aliyebadilika usiku. Naamini hakubadilika. Adabu yake ya mchana haikuwa ya moyoni tu. Ilishikiliwa na vitu: soko, njia, deni, maji ya kisima kimoja, kesho ya kukutana tena.

Zamani, kiangazi kilipoingia, wafugaji wa milimani waliteremsha ng'ombe hadi Ngandja. Walipita kwenye ardhi ya machifu wa Kibembe na kutoa ada ya kimila iitwayo itulo. Magomvi yalikuwapo, ng'ombe walikula mihogo, watu waliburutana kwa wazee. Lakini ada ilipokewa kwa mkono na kutolewa kwa mkono. Chifu alimjua mfugaji kwa jina la baba yake. Maziwa yalipanda meza za watu wa bondeni, na mawese, chumvi na samaki wa ziwani vikapanda mlimani.

Vita vilikata mishipa hiyo mmoja baada ya mwingine. Tangu mapigano ya Itombwe, Minembwe na Bijombo yalipokolea mwishoni mwa miaka ya 2010, vijiji vya pande zote vilichomwa, ng'ombe kwa maelfu wakaporwa, masoko ya mchanganyiko yakafa. Vita vya 2025, Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, vikaongeza mstari mwingine kati ya watu. Leo kijana wa miaka kumi na minane mjini Baraka anaweza kuwa hajawahi kubishana bei na Munyamulenge. Kijana wa Minembwe anaweza kuwa hajawahi kula ndagala aliyouziwa na mama Mbembe. Mahali pekee wanapokutana ni kwenye simu, na simu haiwadai chochote.

> Mahali pekee wanapokutana ni kwenye simu, na simu haiwadai chochote.

Kwa hiyo naona tunauliza swali nusu. Tunauliza kwa nini watu wana matusi mtandaoni kuliko ana kwa ana, kana kwamba ana kwa ana bado ipo. Kwa sehemu kubwa ya Fizi haipo. Imechomwa pamoja na masoko.

### Kuongea tu hakutoshi

Mtu atasema basi tuwakutanishe, waongee. Hapo pia tuwe waangalifu, kwa sababu jaribio lilishafanyika katika Kivu hii hii. Elizabeth Levy Paluck, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu mchezo wa redio wa kuhimiza amani uliorushwa mashariki mwa Kongo. Katika baadhi ya maeneo, mchezo ulifuatiwa na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Walijadiliana kweli, zaidi ya wale waliosikia mchezo peke yake. Lakini baada ya mwaka mmoja walikuwa na uvumilivu mdogo zaidi, walikumbuka manung'uniko zaidi, na walikuwa wagumu zaidi kumsaidia mtu wa jamii wasiyoipenda. Walikuwa wamejadiliana na watu wao wenyewe, kila mtu akaongeza kuni.

Hiyo ni WhatsApp kabla ya WhatsApp. Mazungumzo bila mwingine kuwapo yanachochea, yawe ya redioni, simuni au kwenye nyumba ya kuchajia.

Lililofanya Murhesa iwe tofauti ni kwamba waliokuwapo walikuja na kitu cha kupoteza na kitu cha kupata, na kila aliposema mtu, aliyesemwa alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwake. Kasoro yake ilikuwa moja: walipoondoka, kila mmoja alirudi kwa watu ambao hawakuwapo, na simu zikawasubiri.

Vyama vya kikabila, mitwalite zetu, vinaweza kuanza kesho bila kusubiri Kinshasa wala wafadhili. Kila chama kina msemaji anayetoa matangazo yanayosambaa kundini. Msemaji huyo alazimike kulisoma tangazo lake kwanza mbele ya msemaji wa upande wa pili, hata kama ni kwa video, akimtazama. Akiona aibu kulisoma, asilitume. Wasimamizi wa makundi, ambao wengi wao ni walimu, wachungaji na wakubwa wa koo, warudishe kanuni ya lubunga: aliyetukana atajwe, atozwe, arudi. Kumfukuza kundini hakusaidii, maana anaunda kundi lake, nalo linakuwa kali zaidi.

Na soko. Kabla ya semina nyingine ya kauli za chuki katika hoteli ya Bukavu au Kinshasa, ningeomba fedha hizo zifungue soko moja la mchanganyiko, mahali ambapo wazee wa pande zote watakubali kuliweka, siku moja kwa juma, askari wakae mbali lakini waonekane, ushuru usitozwe na mwenye bunduki yeyote. Wafugaji walete maziwa na jibini. Wa ziwani walete samaki na mawese. Watu wakopeshane. Anayemdai mwenzake magunia mawili ya mihogo hatamwita nyoka usiku, maana asubuhi anataka kulipwa.